Mtoto wa Nne Dirishani

Walimwita Bi Gundi, kwanza kwa sababu vidole vyake vilinata kutwa, pili kwa sababu akishikilia jambo habanduki. Alikarabati vitabu katika chumba kilicho nyuma ya duka la madaftari, na watu wanaokusanya vitabu vya watoto vya zamani walimletea awaambie kama ni chapa ya kwanza au la. Mumewe alimtania: "Umri wa kitabu anaujua, wangu ananiuliza kila mwaka!"

Kimoja alikijua kama kiganja chake, hadithi ya kuku aliyepotea. Chapa ya kwanza ilishonwa kwa uzi, na ukurasa wa kumi na saba watoto wanne walichungulia dirishani. Chapa za baadaye zilibanwa kwa pini, watoto wakawa watatu. Yeye mwenyewe alikuwa na nakala moja ya chapa ya kwanza, kaifungia kabatini.

Asubuhi moja mwalimu mstaafu akamletea nakala ya hadithi ileile. Bi Gundi akaona pini.

"Hii ni ya baadaye, mwalimu. Pole."

"Hesabu watoto kwanza."

Akafunua. Wanne. Yule wa nne, msichana mwenye utepe kichwani, alikuwa pale pembeni. Bi Gundi akachukua lenzi, akidhani mtu kamchora kwa kalamu. Wapi! Wino ni uleule wa mashine.

Akaomba aachiwe kitabu, akaenda nacho kwa mjomba wake, ambaye ujanani ndiye aliyekipiga chapa. Mzee alipoiona ile picha, akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, huyu alikuwa binti wa mchoraji. Wino wa chapa ya kwanza haujakauka vizuri, mtoto akafariki. Mama yake akasema hawezi kumwona kila akifungua kitabu. Nilimkwangua mimi kwenye bamba la kupigia chapa, kwa mkono huu."

"Sasa huyu katoka wapi?"

"Usiniulize mimi. Ya kwako umeitazama?"

Alirudi mbio. Kabati lilikuwa limefungwa vilevile. Nakala ni ileile, na doa lake la chai. Ukurasa wa kumi na saba: watoto watatu. Pale alipokuwa msichana palichorwa ukuta, tofali juu ya tofali, kana kwamba hapajawahi kukaa mtu.

Mwalimu aliporudi, Bi Gundi akamweleza yote. Mwalimu hakushtuka.

"Sisi hatukujaliwa mtoto," alisema. "Mke wangu hukisoma kwa sauti kila mchana. Mwezi uliopita akaniita, 'Mume wangu, njoo uone, tumepata mgeni.'"

"Kwa hiyo hukutaka kujua ni chapa ya ngapi?"

"Nilitaka kujua kama kuna mtu anamtafuta."

Mchoraji na mkewe walikwisha kufa zamani.

"Hakuna," akasema, akamfungia kitabu kwa karatasi safi.

Mwaka uleule aliacha kutambua chapa, akabaki na ukarabati tu. Wakimuuliza sababu, husema macho yamechoka.