Zamu ya Kaka

Pale mnarani walimwita Mama Zamu, na jina lilimkaa. Kazi yake ilikuwa kuongoza ndege zikiwa bado chini: ipi iondoke mlangoni, ipite njia ipi, isimame nyuma ya nani mpaka ifike barabara ya kurukia. Rubani angebembeleza, angefoka, angetaja mkubwa gani amekaa kiti cha mbele, jibu lilikuwa lilelile: "Subiri zamu yako, kepteni." Wenzake walimtania kwamba hata mumewe hupanga foleni kupata chai. Alicheka, lakini uzi ulikuwa uleule.

Siku moja alikuwa na roho mkononi. Asubuhi shangazi yake alikuwa amepiga simu kutoka hospitali ya mji mwingine, mwendo usiofika saa moja kwa ndege.

"Baba yenu hafiki kesho," shangazi alisema. "Anamtaka mwanawe wa kwanza. Anataka kumwomba radhi."

Baba na mwana huyo hawakuwa wamesemezana tangu mzee amfukuze nyumbani mbele za watu. Mama Zamu alimpigia kaka yake, akamlilia.

"Nikifika akanifukuza tena?"

"Hakufukuzi, kaka. Nenda, nakuomba."

Akakubali. Mchana ndege aliyopanda ikaingia kwenye foleni, ya nane, na barabara ya kurukia ilikuwa moja tu, nyingine ikiwa matengenezoni. Upande wa milimani wingu jeusi lilikuwa limetanda. Mama Zamu aliliangalia, akaiangalia foleni, na moyo si jiwe. Kulikuwa na njia fupi ya kukatiza. Ndege ikipita humo inatokea karibu na mbele. Akaiamuru ya kaka yake iingie humo.

Laiti angenyamaza! Muda mfupi kabla ya hapo, yeye mwenyewe alikuwa ameiruhusu ndege iliyotua ipite njia hiyohiyo kutokea upande wa pili. Aliisahau. Mtu aliyejua uwanja ule kama jiko lake alisahau ndege nzima, kwa sababu macho yake yalikuwa kwa moja tu. Zikakutana pua kwa pua, zikasimama. Gari lingerudi nyuma na mambo yakaisha. Ndege haiwezi, mpaka trekta lije kuisukuma.

"Umefanya nini?" msimamizi wake aliuliza, akamwinua kitini na kumkalisha mwingine. Ndio utaratibu, ukikosea, unapisha.

Trekta lilitoka mwisho wa uwanja likijikokota. Foleni nayo ikaendelea kwa amani: ya sita ikaruka, ya saba ikaruka. Hata ya tisa, iliyokuwa nyuma ya kaka yake, iliruka. Ndipo radi ikapiga, na radi ikipiga hakuna mfanyakazi anayeruhusiwa kukanyaga uwanjani. Trekta likageuza likarudi.

Mama Zamu alikaa kwenye ngazi za mnara, simu mkononi, akilia bila kujificha, akimwomba Mungu amwachie mzee pumzi kidogo. Mvua haikukoma. Jioni shangazi alipiga, na kabla hajatamka neno, kilio kilisikika nyuma yake.

Hakuwa amepangusa machozi simu ya kaka ilipoingia. Sauti yake ilikuwa changamfu, jambo ambalo dada yake hakuwa amelisikia kwa miaka.

"Mdogo wangu, bado tumekwama humu. Nimeshapanga nitakayomwambia mzee. Sina kinyongo, wallahi. Hebu wewe uliye huko juu tufanyie mpango, tupite mbele kidogo."

"Kaka, baba ametutoka."

Alisikia abiria wakinung'unika, mtoto akidai maji.

"Isingekuwa foleni hii," kaka alisema mwishowe, "ningemkuta, eti?"

"Ungemkuta," alijibu. "Foleni haina kosa, kaka. Mimi ndiye niliyekutoa humo."