Jaji Aliyetoa Sita

Wewe ungempa ngapi binti kutoka kijiji cha Kwedizinga aliyesimama bila karatasi mbele ya ukumbi uliojaa pale Korogwe, akaghani shairi la bibi yake anayepalilia mahindi huku akiifokea mvua kama mkwe mvivu?

Majaji walikuwa watano, waliochaguliwa miongoni mwetu watazamaji kwa sharti moja: wasiwe na ndugu jukwaani. Wanne waliinua kadi za tisa na kumi. Wa tano, mama wa makamo aliyekaa mbele yangu, alikaza kitenge chake kiunoni, akainua sita.

Ukumbi ulimzomea. "Mama, umelala?" mtu akapaza sauti.

Mimi na shahada yangu ya fasihi hatukuvumilia. Nikamwinamia. "Shikamoo mama. Hivi umesikiliza kweli?"

"Marahaba. Hakuruka hata neno," akanijibu bila kugeuka. Jibu la ajabu, lakini hasira haikunipa nafasi ya kulifikiria.

Bahati nzuri, kanuni za mashindano haya hufuta alama moja ya juu kabisa na moja ya chini kabisa. Sita ikatupwa, na binti akatangazwa mshindi. Kabla sisi wapenda ushairi hatujainuka, yule mama alikuwa ameshasimama, anapiga vigelegele na kufuta machozi kwa kadi yake ya sita.

Mshereheshaji akamfuata na kipaza sauti. "Mama, umembania mtoto wa watu, sasa vigelegele vya nini?"

Akakishika kwa mikono miwili. "Mtoto wa watu gani? Ni wangu huyo. Niliwadanganya ili nikae mbele, nikampa sita msije mkasema nimempendelea."