Nyaya nilizozifunga kama ukili

Jamani, leo nimelizima tanuri la baba kwa unadhifu wangu!

Naandika hapa ubaoni kwa sababu mkiniuliza kwa mdomo nitakimbia.

Jana niliona nyaya za tanuri letu jipya la mikate zimetapakaa. Nikazifunga zote pamoja, safi kama ukili wa mkeka. Baba akanisifu mbele ya watu.

Leo mikate ya maulidi imo ndani, moto unawaka, unazimika. Unawaka, unazimika.

"Saidi, njoo ung'oe mtambo wako!" baba akamfokea kwa simu fundi aliyetufungia tanuri.

"Bwana Omari, mbona jana ulikuwa mzima?"

Fundi akaja. Nikanong'ona, "Shikamoo fundi... nyaya nilizifunga mie."

Akazitazama, akacheka. Kumbe waya wa cheche za kuwashia moto, ukifungwa pamoja, unausumbua waya wa jicho la umeme, lile linalotazama moto. Jicho likichanganyikiwa, linadhani moto umezimika, linafunga mafuta.

Akauhamishia waya wa jicho ukuta wa pili. Moto ukatulia tuli.

Baba akanipa mkate wa kwanza. "Haya, huu usiufunge na kitu."

Nimeumaliza njiani, ukiwa moto.

Nani mwingine kaharibu kitu kwa kukipamba? Andikeni hapa chini, nisibaki peke yangu.