Sifuri ya Mstari wa Arobaini

Kwenye chumba cha kompyuta walimwita Bi Madonge, maana kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa kuhesabu madonge ya galaksi: ya angani yaliyopigwa picha, na ya ulimwengu wa kuigiza uliopikwa na mashine. Shahada hakuwa nayo. Alikuwa na macho, subira na mdomo.

Mwezi wake wa mwisho kabla ya kustaafu, hesabu ziligoma. Ulimwengu wa mashine ulijaa madonge kupita ule wa kweli. Profesa, mkuu wa utafiti, akamwambia mbele za watu, "Bibi, macho yamechoka. Umehesabu vibaya."

Ilimuuma. Alitaka kitu kimoja tu: jina lake kwenye ripoti ya utafiti, hata liwe la mwisho, amwonyeshe binti yake aliyeuliza tangu utotoni, "Mama, hivi kule kazini unafanya nini hasa?"

Akahesabu upya mara tatu. Madonge yale yale. Basi kosa lilikuwa jikoni, ndani ya mashine. Ofisi ile ilikuwa na mazoea yake: faili la vipimo ambavyo mashine hupikia ulimwengu hunakiliwa, halisomwi. Yeye akalisoma. Mstari wa arobaini: uzito wa nyutrino, sifuri.

Nyutrino ni chembe zinazopenya kuta na miili bila hodi. Uzito wa moja ni kiduchu, lakini haba na haba hujaza kibaba, nazo hazina idadi. Tena zina mbio. Hazitulii kwenye donge dogo likanenepa upesi. Ukiziandika sifuri, madonge yanafura.

Akaandika uzito. Mashine ikapika siku nne. Ulimwengu wa kuigiza ukalingana na wa kweli.

Profesa alifurahi kwelikweli, akaleta rasimu ya ripoti. Majina saba. La Bi Madonge halimo.

"Si kwa ubaya, Bibi. Mchango wenyewe mdogo, mstari mmoja tu."

"Na ile sifuri nani aliiweka?"

"Mimi, zamani. Kitu kidogo vile, nani angekihesabu?"

Akajisikia mwenyewe alivyosema. Bi Madonge akamsogezea kalamu. Profesa akaishika juu ya karatasi, mkono usiende.

"Samahani, Bibi," alisema bila kumtazama. "Jina lako hasa ni nani?"

Akamtajia, herufi moja moja.