Siku Nilipomhamisha Bi Tausi

Baba aliponiambia nimhamishe Bi Tausi, nilijibu, "Ndiyo, baba." Nilikuwa darasa la sita. Enzi zetu mtoto hakuwa na jibu jingine kwa mzazi wake, ndivyo tunavyopenda kusema tukikutana wazee. Lakini jibu jingine lilikuwepo, na mimi nililijua siku ile ile.

Bi Tausi hakuwa mtu wa kijijini kwetu. Alikuwa mtu wa redioni. Nyinyi mliokulia miaka ile mnajua maana yake. Kule kwetu Kisarawe, upande wa Masaki, redio zilikuwa chache, na ya baba ilikaa juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma, waya wa antena umepanda hadi kwenye mkorosho. Betri zikichoka hazikutupwa. Tulizianika kwenye ungo pamoja na makopa ya muhogo, na jioni zilipata nguvu ya kumaliza mchezo mmoja. Leo mjukuu wangu simu ikimwonyesha chaji inakwisha anahangaika nyumba nzima kama aliyepotelewa na mtoto.

Kila Alhamisi baada ya magharibi ua wetu ulijaa. Wanawake walikuja na korosho za kubangua ili mikono isikae bure, wanaume walikalia magogo, sisi watoto tulikaa chini kabisa, karibu na miguu ya meza. Mchezo uliitwa Uani kwa Bi Tausi. Alikuwa mjane wa mjini mwenye nyumba ya kupangisha na ulimi usio na mfupa. Mpangaji wake mmoja, Fundi Makame, mshona nguo, alikuwa akimposa tangu mimi sijaanza shule, na kila wiki alirudishwa na jibu jipya. "Fundi, kwanza shona kiraka cha suruali yako, ndipo uje unishonee ndoa!" Kesho yake alfajiri, kwenye mchakamchaka, maneno hayo yalikuwa midomoni mwa shule nzima. Tulicheza kombolela, tulicheza mpira wa matambara, lakini mchezo mkubwa ulikuwa kuigiza uani kwa Bi Tausi, na wasichana walipigana nani awe yeye. Fundi Makame hakugombewa. Aliwekwa yeyote aliyekuwa na suruali iliyochanika, kwa hiyo mara nyingi nilikuwa mimi.

Bibi yangu hakuusikia mchezo huo hata mara moja. Alikuwa mama mzazi wa baba, na aliishi peke yake kule mashambani tulikotoka, mwendo wa nusu kutwa kwa mtu mzee, wa saa moja kwa mguu wa mtoto. Sisi wengine tulikuwa tumekwisha kuhamia kijiji kipya kando ya barabara, kama watu wote walivyotakiwa. Yeye aligoma. Babu alizikwa pale, nyuma ya nyumba, na bibi alisema hawezi kumwacha mtu mgonjwa wa macho peke yake. Babu alikufa haoni vizuri, na kwa bibi hilo lilikuwa bado halijapona.

Basi kila Ijumaa nikitoka shule nilimpelekea mchezo. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mume wangu. Haya, wanasemaje huko uani?" Aliniita mume wangu, kama bibi zetu walivyotutania wajukuu wao wa kiume, na alinipa muhogo wa kuchoma na chai ya mchaichai iliyoungua kidogo kwa moshi. Nilisimulia nikibadilisha sauti. Akicheka alipiga paja. Nikimaliza, alinilipa kwa habari zake: babu alivyomwiba kwao kabla ya mahari kukamilika, nani alipanda mkorosho upi, nani aligombana na nani kwa ajili ya mbuzi. Sikuziweka sana kichwani. Nilidhani zipo tu.

Halafu mtunzi akabadilishwa. Mwisho wa mchezo mtangazaji alitaja jina la mtunzi kila wiki, jina la mama mmoja tulilolizoea kama la shangazi. Alhamisi moja akataja jina la mwanamume tusiyemjua. Hatukutilia maanani. Wiki iliyofuata Bi Tausi alifungua mdomo na kueleza faida za choo bora, bila kumtukana mtu. Fundi Makame alimwitikia, "Naam, ndugu Tausi, umenena."



"Huyo siye," alisema Mama Asha, mpika vitumbua.

"Sauti si ile ile?" baba aliuliza.

"Sauti yake. Maneno kaazimwa."

Mzee Pazi, jirani yetu, alisimama akapangusa kaptula. "Mimi vyoo nahubiriwa kwenye mkutano Jumatatu. Sikuja hapa kuongezewa dozi." Akamgeukia baba. "Mjumbe, hebu geuza geuza huo waya. Labda Bi Tausi wetu amebaki upande wa pili."

Watu walicheka, lakini walikuwa na uchungu wa kweli. Wiki nzima kisimani hakukuwa na habari nyingine. Wengine walisema mtunzi wa zamani ameolewa mbali, wengine kwamba amegombana na wakubwa. Hakuna aliyejua. Alhamisi iliyofuata walikuja nusu, na iliyofuata robo.

Mimi nilimpelekea bibi mambo kama yalivyokuwa. Alisikiliza choo bora hadi mwisho, akaniuliza, "Nani kamtia maneno hayo mdomoni?" Nikamweleza kwamba mtunzi amebadilishwa.

"Kumbe na kwenye hadithi watu wanahamishwa?" Akachochea moto. "Mume wangu, huyo mgeni usiniletee tena hapa. Wewe unamjua Bi Tausi wetu. Mwendeleze wewe."

Hapo ndipo nilipoanza utunzi, na sijawahi kuifanya kazi kwa furaha namna ile. Njiani nilijibizana peke yangu, mara mjane, mara fundi, hadi waliokuwa wakirudi na kuni wakaniuliza kama nina homa. Bibi alikuwa msikilizaji mkali. "Hapana, hapo asingemjibu hivyo. Rudia." Nilirudia. Tulikuwa wawili tu duniani tuliobaki na Bi Tausi wa kweli.

Nilijivuna kwa mama, naye akamwambia baba. Baba alikuwa mjumbe wa nyumba kumi, na mama yake mwenyewe ndiye aliyekuwa amebaki nje ya kijiji. Alikuwa amekwenda kumsihi mara nyingi na kurudi ameinamisha kichwa. Jioni moja aliniita nyuma ya banda la kuku.

"Wanasema mvua zikiisha lori litapita," alisema. "Aliyebaki atapakiwa na vyungu vyake, watu wakitazama. Unataka kumwona bibi yako hivyo?"

"Hapana, baba."

"Yule mwanamke wa redioni anamsikiliza kuliko anavyonisikiliza mimi niliyetoka tumboni mwake. Basi mhamishe Bi Tausi. Ahame kwa furaha, kwenye kijiji chenye bomba na zahanati."

Nilipaswa kumwambia: baba, twende wote ukamweleze habari ya lori. Bibi hakuwa mtoto. Maneno hayo nilikuwa nayo. Nikasema, "Ndiyo, baba."

Ijumaa ile nilisimulia vizuri kuliko siku zote. Bi Tausi aliuza kabati, akamkubali Fundi Makame, akahamia kijiji kipya, akafungua bomba na maji yakatoka meupe. Niliiga hata sauti ya maji. Bibi hakupiga paja.

"Na kaburi la mumewe?" aliuliza.

Sikuwa nimelifikiria. "Aliliaga," nikasema. "Akaondoka."

"Aliliaga akaondoka." Alitazama nyuma ya nyumba, kisha akanigeukia mimi. "Baba yako hajambo?"

"Hajambo, bibi."

"Mwambie aje na baiskeli Jumapili, abebe vyungu. Mimi nitatembea." Alinipa muhogo wangu. "Haya, nenda mapema, Ramadhani. Jua linakuchwa."

Alihamia chumba cha mbele, karibu na redio. Alhamisi aliigeuzia meza mgongo, akalala mapema. Lori sijui kama lilipita. Nilipokwenda kusoma sekondari Kibaha nilimuaga, akaniombea dua ndefu na nzuri. Kila nilipokuja likizo nilijaribu. "Bibi, nikusimulie?" Alijibu kwa upole, "Pumzika, Ramadhani, umetoka mbali." Habari za babu na za mikorosho nazo hakuzirudia kwangu. Alifariki nikiwa kidato cha tatu. Kule shambani sasa ni mahame. Miaka ya karibuni nilikwenda na dereva wa pikipiki kutafuta kaburi la babu, nikazunguka vichakani hadi jioni, nikarudi Pangani ninapoishi bila kuliona.

Juzi mjukuu wangu Zuhura alitupa simu kwenye kochi. "Babu, wamebadilisha waandishi wa tamthilia yetu! Wameiharibu kabisa!" Akaokota simu akawaandikia waandishi hao matusi, na ndani ya dakika chache mashabiki wenzake wa nchi nzima walikuwa wakimuunga mkono. Nilicheka. Sisi tulikuwa na Mzee Pazi na waya wake. Vijana wa leo wana bahati: wakibadilishiwa mtunzi, wanajua pa kumfuata, na wanamwambia usoni kwamba maneno yale si ya mtu wao.

Bibi alijua pia. Hakunitukana, hakunishtaki kwa baba. Aliishi nasi miaka minne, na katika miaka hiyo yote hakuniita mume wangu tena.