Pipi za Observatory

Nilikuwa mtoto wa miaka tisa, pale Yeoville, mtaa wa wahamiaji kusini kabisa mwa Afrika, siku mama yangu mdogo aliponiita mchawi mbele ya watu. Balaa lenyewe lilianza na michezo.

Mama wa Thandi, mwenzangu wa darasani, aliandaa sherehe kwao Observatory, mtaa jirani wa matajiri. Mwalimu alikuwa ametueleza kwamba ni sikukuu ya majira ya majani kupukutika. Kwetu Oktoba hiyo miti ilikuwa imechanua tele, lakini nani alijali? Tulichonga macho na meno kwenye maboga. Tuligombania kung'ata matufaha yaliyoelea kwenye beseni, kisha tukafungwa vitambaa usoni tukapapasa zabibu zilizomenywa, tukiambiwa ni macho ya maiti. Mwisho wakanipaka uso mweupe wenye mifupa, tukapita geti hadi geti tukiomba pipi. Nilifurahi kupita kiasi. Wenye mageti yale hawakuwahi kunipa hata salamu.

Nilirudi jua halijazama, na uso uleule, mfuko umejaa. Nikampa pipi moja Jozue, mtoto wa mama mdogo. Tuliishi nao chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Kesho yake mtoto alikuwa anachemka kwa homa.

Mtu wa kwetu Bukavu hahitaji kuelezwa kilichofuata. Watoto tulikatazwa kupokea chakula kwa mtu tusiyemjua, kwa kuwa mchawi huanza kwa kugawa vitamu. Ukishakula anakujia ndotoni kudai malipo, na malipo ni nyama ya ndugu yako. Nilionywa tangu najifunza kutembea. Ila sikudhani wachawi wanaweza kuwa na mabwawa ya kuogelea.

Mama mdogo akawaita wanawake wa jengo zima. Cherehani ya mama ikasukumwa ukutani, nikasimamishwa katikati. Nilipokea kwa nani? Nani alinipaka sura ya maiti? Nilipolia, akasema wachawi ndivyo wanavyolia. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yeye siku ile, na chuki hiyo haijaisha. Alitaka nipelekwe kwa mchungaji, nifungiwe huko bila chakula mpaka nitapike nilichokula. Nilimjua mtoto aliyepelekwa hivyo. Alirudi hachezi na mtu.

"Dada, chagua," alimwambia mama. "Huyu atoke, ao mimi nitoke na mtoto wangu."

Mama alichukua mfuko wangu, akaketi kwenye kiti chake cha kushonea, akaanza kula. Alifungua pipi moja baada ya nyingine, akazitafuna bila haraka huku wale wanawake wakimkodolea macho, mpaka mfuko ukabaki karatasi tupu.

"Kama iko deni, sasa ni ya mimi," alisema. "Wakuje kudai kwangu."

Wanawake wakatawanyika mmoja mmoja. Kliniki wakasema Jozue anaumwa sikio, wakampa dawa, akapona. Hata hivyo mama mdogo alihamia Randburg, akitangaza kwamba mtoto kapona kwa sababu mama kalibeba deni. Hadi leo tukikutana harusini, nikipita karibu anafunika sahani yake.

Miaka yote nilisimulia kisa hiki kwa majivuno. Katika chumba kile, nilisema, mama peke yake ndiye aliyekuwa na akili, hakuamini upuuzi wao. Juzi nikawasimulia wanangu hivyohivyo, mama akiwa pembeni anapinda sketi yangu. Akanikatiza bila kuinua macho.

"Nani alikuambia sikuamini? Niliamini yote. Njo maana sikukuachia hata moja."

Kumbe ndugu wale wawili waliogopa kitu kilekile. Mama mdogo aliogopa, akataka nitupwe. Mama aliogopa, akala.