Pikipiki Iliyosita Mlimani

Pikipiki ya daktari wa ng'ombe ilikuwa na tabia moja. Ukivuta mafuta yote inaruka kama imechapwa. Ukivuta kidogo, ile kidogo ya kutembea polepole juu ya mawe, inasita, inakohoa mara mbili, halafu inazima. Kwa mtu wa lami hilo si neno. Kwa daktari lilikuwa neno, maana ng'ombe wa huku kwetu Rangwe hawafugwi kando ya lami.

Ilikuwa pikipiki ya zamani, ya kupanda milima, ndefu miguu, matairi yana meno. Injini yake ni ile aina ambayo petroli lazima uichanganye na oili kabla ya kumimina kwenye tangi. Vijana wa boda hawaijui. Wanatia petroli tupu, pistoni inaungua, halafu wanakuja kuniambia imerogwa. Mimi injini hizo nilizijulia Masara, kwenye mashimo ya dhahabu, miaka ambayo bado nilikuwa na mgongo. Nilikwenda kuchimba. Dhahabu sikuipata, nikapata pampu, zile ndogo za kuvuta maji kutoka shimoni, nazo zinakula petroli ya kuchanganya. Shule niliacha darasa la tatu, hakuna mtu aliyenikalisha akanifundisha. Lakini pampu ikizima, watu walio chini maji yanawafika magotini na wanakutukana wewe na ukoo wako, kwa hiyo unajifunza upesi.

Masara pia ndiko nilikojifunza kufunga vitu na blada. Nasema blada, yaani ule mpira wa ndani wa tairi, unaukata vipande virefu kama mkanda. Pale kila kitu kilifungwa na blada: ngazi, mpini wa sururu, redio, paipu za maji. Mimi mwenyewe nilivaa viatu vya blada mwaka mzima. Nilipotoka dhahabu sikutoka nayo, hiyo tabia nilitoka nayo.

Daktari alikuwa mwanamke wa Kikuria, mrefu, wa miaka thelathini na kitu. Kazi yake ni kupandisha ng'ombe kwa mbegu anazobeba kwenye mtungi wa baridi, kwa hiyo hakuna haja ya kufuga dume. Pikipiki aliirithi kwa daktari mwingine aliyestaafu akarudi kwao. Siku ya kwanza kuja kwangu nilimchokoza.

"Daktari, babu zako walikuja huku kuchukua ng'ombe zetu. Wewe unazirudisha?"

"Nazirudisha kidogo kidogo, mzee, kwa mrija. Mkikosa adabu naacha."

Tangu hapo tulielewana.

Sasa kulikuwa na mama mmoja juu ya kilima, mjane, ana ng'ombe mmoja tu. Huyo ng'ombe alikuwa amekauka, hana maziwa, na hawezi kuwa na maziwa mpaka azae, na hawezi kuzaa mpaka apandishwe. Ng'ombe akitaka dume ni kama siku moja hivi, ikipita unangoja tena wiki tatu. Mara ya kwanza daktari alipoitwa, pikipiki ilimzimia katikati ya mawe, akaisukuma, akafika wakati umepita. Mara ya pili hivyo hivyo. Mama akamwambia, bila hasira, kwamba mara ya tatu ikipita anampeleka ng'ombe sokoni kwa wachinjaji. Alikuwa amechoka kukata majani ya kumlisha mgeni na yeye mwenyewe anakunywa chai ya rangi.

Mara ya tatu simu ilikuja alfajiri. Ng'ombe akionekana na joto asubuhi, anapandishwa jioni, ndivyo daktari alivyonieleza. Saa mbili alikuwa kwangu.

"Mzee, saa kumi lazima niondoke hapa."

"Saa kumi ni mbali sana."

Nikafungua plagi. Ilikuwa nyeupe kama mfupa. Mtu yeyote aliyeshika pampu za Masara anajua plagi nyeupe inasema nini: injini inavuta hewa kuliko mafuta, kuna mahali hewa inaingia kwa wizi. Nilijua. Niliifuta kwenye suruali, nikasema petroli ni mbaya.

Basi nikamwaga petroli yote, nikachanganya nyingine mpya, oili kwa kipimo. Tukaiwasha. Ikasita vile vile.

Nikafungua kabureta. Ndani kuna jeti ndogo, tundu lake ni jembamba kuliko sindano, na hiyo ndiyo inalisha injini ukiwa umevuta mafuta kidogo. Ikiziba, unapata kikohozi kama kile. Watu huitoboa na waya wa breki, wanaharibu, tundu linapanuka. Mimi natumia uzi wa ndoano, ule wa nailoni, nanunua Homa Bay kwa wauza nyavu, unapita bila kukwaruza. Muuzaji mmoja aliwahi kuniuliza navua samaki gani wa kuhitaji uzi mfupi hivyo. Nikamwambia nalisha pikipiki. Hakucheka, watu wa ziwani wakiwa kwenye biashara hawacheki. Jeti niliisafisha, na haikuwa chafu. Tukaiwasha. Ikasita.

Saa sita simu ya daktari ililia, akaiweka wazi nisikie.

"Daktari, uko wapi? Huyu ng'ombe amelia mpaka jirani amekuja kuuliza nani amekufa."

"Niko kwa fundi, mama. Nakuja."

"Fundi gani?"

"Yule mzee."

"Yule anayeongea?"

"Huyo huyo."

"Mwambie afunge mdomo afungue pikipiki."

Daktari alikuwa amekaa juu ya jerikeni, mtungi wa mbegu katikati ya miguu, akaniangalia tu. Nikashuka kwenye silensa, nikatoa masizi. Nikakaza hiki, nikalegeza kile. Saa nane. Nilizunguka ile injini yote isipokuwa mahali pamoja.

Kati ya kabureta na injini kuna shingo ya mpira, fupi, kama kiganja hivi. Hewa na petroli vinapita humo. Shingo ya ile pikipiki ilipasuka zamani, wakati wa yule daktari aliyestaafu, na spea hazipatikani huku. Niliifunga mimi. Niliizungushia blada, safari tatu, nikakaza, nikaisifu. Ukiitazama kwa nje bado ilikuwa imekaa vizuri, nyeusi, safi. Sikutaka kuigusa. Mtu anakuwa na kazi moja mbili za mikono yake ambazo anazipenda, na hiyo ilikuwa moja.

Saa tisa nikachukua maji ya sabuni kwenye chupa. Injini ikiwa inanguruma polepole, unadondosha maji kidogo kidogo kwenye kila kiungo, unasikiliza. Nikadondosha huku, hakuna. Huku, hakuna. Nikadondosha kwenye blada na injini ikabadilisha sauti hapo hapo, ikatulia kama mtoto aliyepewa titi. Maji yalikuwa yameziba ufa. Yakanyonywa, ikaanza tena kukohoa.

Nikakata blada kwa kisu. Ilikuwa imevimba na kulainika, ukiibonyeza inaacha alama ya kidole. Petroli hula mpira wa aina hiyo. Kwenye paipu ya maji ingekaa miaka, lakini hapo hapakuwa na maji, na hilo mimi nikiwa fundi nilipaswa kulifikiria.

Daktari akainama akaangalia.

"Nani alifunga huu upuuzi?"

"Mafundi," nikasema. "Wako wengi."

Nyuma ya kibanda nina lundo la vyuma na mipira ya malori ya miwa kutoka Awendo. Nikatafuta kipande cha ule mpira mnene wa mdomo wa tangi la mafuta, huo umezaliwa ndani ya mafuta, haulainiki. Nikaukata, nikaupasha moto kidogo uingie, nikaubana na klipu za chuma pande zote mbili. Saa kumi ilikuwa imepita kidogo. Daktari akazunguka uwanja polepole, polepole sana, mguu chini, na injini haikusita hata mara moja. Hakusema asante, alifunga mtungi mgongoni akaondoka. Nikaisikia inapanda mawe, sauti moja, mpaka ikapotea.

Alifika. Ng'ombe akapandishwa. Wiki tatu zikapita hakulia tena, na mwezi wa tatu tangu siku ile daktari akamshika tumbo kwa mkono akasema kuna ndama.

Baada ya hapo nilikwenda huko juu. Sikwenda kutubu, nilikwenda kutafuta jogoo wa kununua. Yule mama alikuwa nyumbani, na ng'ombe wake amefungwa kivulini, anatafuna. Akanikaribisha kiti, akanisifu, akasema kumbe pamoja na maneno yangu mengi mkono wangu unafanya kazi. Hapo ndipo nilipomwambia. Nikamwambia ile pikipiki ilizima kwa sababu ya blada, na blada niliifunga mimi, na zile wiki sita alizopoteza zilitoka kwangu.

"Na sasa umeifunga na nini?"

"Mpira wa lori la miwa."

"Yale yanayoanguka kila siku?"

"Yanaanguka, lakini mipira ni mizuri, mama."

"Daktari anajua?"

"Hajui."

"Usimwambie leo. Ana ng'ombe wengine wa kufikia." Akainuka, akaingia ndani, akatoka na panga, akanikabidhi. "Ujane hauna mtu wa kukata majani, jaduong', mzee wangu. Wiki sita nilimlisha huyu bure. Majani ya nepia yale pale, chini ya mtaro."

Sikuuliza ni mizigo mingapi. Nilivua koti nikateremka, mgongo huu wangu wa Masara, nikaanza na mstari wa kwanza. Alinifuata mpaka ukingoni, akaniangalia kidogo, akaniambia nikate chini zaidi, karibu na udongo, ndipo nepia itachipua vizuri.